Harambee ya Makumbusho ya Mtaa, Ujiji: Daftari Zuri, Mnada Mbovu

Umoja wa wakazi wa mtaa mmoja wa Ujiji ya zamani, kando ya Ziwa Tanganyika, ambao sitautaja jina kwa kuwa nina sifa na lawama za kuugawia kwa pamoja, hufanya mkutano wake mkubwa wa mwaka jioni ya Jumamosi moja ya msimu wa maembe, na mkutano huo huo hugeuka kuwa harambee ya kuchangia chumba kidogo cha makumbusho ambacho wakazi wanakijaza taratibu kwa vitu vya majumbani mwao. Kiingilio ni Sh 10,000 kwa mtu mzima, chakula kikiwa ndani yake, na watoto walio chini ya miaka 12 huingia bure. Nimehudhuria mara mbili, mwaka jana nikiwa mgeni wa shangazi yangu na safari hii nikiwa nimelipa mwenyewe, kwa hiyo ninayoyaandika ni ya mtu aliyetoa fedha yake mfukoni na ambaye angependa kujua imekwenda wapi.

Kadi iliandikwa saa kumi jioni. Nilitoka Kigoma mjini kwa daladala nikafika saa kumi na robo, nikakuta vijana wawili wakibishana juu ya waya wa spika na viti vikiwa bado vimepandanishwa ukutani. Shughuli ilianza karibu saa kumi na mbili. Kuchelewa kidogo sote tumekuzoea, lakini wazee walioambiwa saa kumi walikuja saa kumi, wakakaa juani bila hata maji ya kunywa, na kwa mkutano unaojinadi kuwa unawaenzi wazee hilo halikupendeza.

Sehemu ya kwanza ni mazungumzo ya historia, na mshereheshaji aliyapeleka kule yanakopelekwa siku zote: mwembe ambao mwandishi wa habari Stanley alimkuta chini yake msafiri na mmisionari Livingstone, 10 Novemba 1871, makofi. Sina ugomvi na mwembe. Jumba la kumbukumbu ya Livingstone liko hapo hapo Ujiji, kwa miguu si mbali, na kila mgeni anapaswa kulifika akaone mnara, miembe inayotajwa kuwa kizazi cha ule wa zamani, na sanamu za Wazungu wale wawili wakisalimiana. Ila mwalimu mmoja mstaafu aliomba kipaza sauti akasema jambo lililofanya watu wageuke kwenye viti: kwamba tarehe hiyo ya 10 Novemba ni ya Stanley, ilhali shajara ya Livingstone mwenyewe inaweka siku hiyo ndani ya Oktoba, kwa sababu mzee yule alikuwa mgonjwa na hesabu ya siku ilikuwa imempotea. Kisha akauliza ni nani aliyemkimbilia Livingstone kumpa habari kwamba kuna Mzungu anakuja. Kimya. Akajibu mwenyewe: ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye pamoja na James Chuma na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone baada ya kifo chake mwaka 1873, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, hadi wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874.

Mwalimu aliongeza, kwa kidole akionyesha upande wa ziwa, kwamba zamani maji yalifika karibu zaidi na mji, yakashuka baada ya mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, kuzibua njia yake mwishoni mwa miaka ya 1870, na kwamba reli ilipofika mwaka 1914 iliishia Kigoma, kwenye bandari yenye kina, Ujiji ikabaki na miembe yake. Alipewa dakika kumi tu. Mshereheshaji alipewa saa nzima. Kama waandaaji wananisikia, wabadilishane hao wawili mwakani.

Chakula kilikuwa kizuri na sina haja ya kukirefusha. Migebuka, samaki wa ziwani, ya kukaanga ilikuwa mikavu nje na laini ndani, sombe, yaani kisamvu, ilipikwa kwa mawese ya kutosha, ugali wa muhogo ulikuwa wa moto, na wali ulikuwepo kwa wasiouweza ugali huo. Waliochelewa kupanga foleni walikuta samaki wamekwisha, jambo ambalo kina mama wa jikoni walilieleza kwa uwazi na kuomba radhi.

Mnada ndio ulioniharibia jioni. Ulianza vizuri, kwa jogoo aliyeuzwa mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha kwa heshima ya wazee, na kwa tenga la maembe lililofika bei ambayo sokoni ungepata matenga manne. Hayo ni mambo ya harambee na kila mtu anayajua. Lakini ikafuata tabia ya kuwaita watu kwa majina watangaze ahadi zao mbele ya mkutano, na nikamwona kijana mmoja fundi baiskeli akitamka Sh 100,000 huku mkewe akimtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji tafsiri. Mchango wa kulazimishwa na aibu haudumu. Mwaka jana ahadi nyingi za namna hiyo hazikulipwa, na hilo walilisema wenyewe kwenye taarifa yao.

Baya zaidi lilitokea baadaye. Vijana wanne walileta jukwaani fremu ya mlango wa zamani, miimo miwili na kizingiti cha juu, mbao ngumu zilizochongwa maua na mnyororo ukizunguka pembeni, kutoka kwenye nyumba iliyobomolewa na wenyewe ili wajenge upya. Mshereheshaji akaanza kuinadi. Watu walikuwa wamekwisha kufikia Sh 300,000, na aliyeongoza alikuwa mgeni aliyesema ataisafirisha, ndipo yule mwalimu mstaafu aliposimama tena, safari hii bila kuomba kipaza sauti. Alikumbusha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na kwamba vitu hivyo haviuzwi ovyo bila kibali. Akauliza, kwa upole unaochoma, makumbusho yatakayojengwa kwa kuuza mlango wa mtaa yataonyesha nini ndani yake. Mnada wa fremu ukasimamishwa. Inashangaza kwamba watu wale wale, saa moja kabla, walikuwa wametuambia kwa fahari kwamba tangu mwaka 2006 Ujiji imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO, ile ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, kama kituo cha mwisho cha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliyoanzia Bagamoyo na kupita Kwihara ya Tabora.

Yote hayo nilikuwa tayari kuyasamehe kwa sababu ya karabai, ile taa ya kupampu ya mafuta ya taa. Baada ya mnada, wenye vitu vya kuleta makumbusho huitwa mmoja mmoja kuvieleza, na mzee mmoja aliyekuwa mvuvi wa dagaa alikuja nayo imefungwa ndani ya khanga. Tangi lake la shaba lilikuwa limefubaa, upande mmoja limebonyea, na mkono wa kuning'inizia ulikuwa umefungwa kipande cha mpira wa baiskeli ili usiunguze. Nilikuwa nimekaa mbele, nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo unishikie hapa, mikono yangu siku hizi inatetemeka."

Nikashika. Alifunga utambi mpya, mweupe kama soksi ya mtoto mchanga, akamimina spiriti kidogo kwenye kikombe chake, akawasha, akangoja bila haraka wakati watoto wakisukumana kuona. Halafu akapampu, akihesabu kwa midomo. Karabai ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikashika na kuanza kufoka kwa ile sauti yake, na taa za umeme zilizokuwa juu yetu zikaonekana za njano. Alieleza jinsi mitumbwi miwili ilivyofungwa pamoja kwa miti, taa zikaning'inizwa, wavu ukashushwa chini, na dagaa wakapanda kuufuata mwanga. Na kwa nini siku za mbalamwezi watu walilala majumbani, kwa kuwa mwezi ukiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haina la kuwaambia dagaa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini hawakutumia taa za betri kama baba yake. Mzee akacheka hadi akakaa.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe, yaani kile ambacho umoja huu unaufanyia mtaa, na hapa sifa ninazitoa bila kinyongo. Wana daftari. Kila kitu kinachoingia chumbani huandikwa namba, jina la mwenyewe, hali ya kitu siku kilipopokelewa, na neno moja kati ya mawili: zawadi au azima. Aliyeazimisha hupewa karatasi yenye saini mbili na anaweza kukichukua kitu chake siku yoyote ya kazi akitoa taarifa siku moja kabla. Karabai iliandikwa azima, na hadi idadi ya mibonyeo ikawekwa. Bibi mmoja aliniambia kwamba sinia lake la shaba hutoka chumbani kila kunapokuwa na harusi ya wajukuu na kurudi likiwa limesuguliwa, na ndiyo maana alikubali kulitoa. Nimeona jumba kubwa kuliko hiki chumba ambalo lisingeweza kukuonyesha karatasi ya namna hiyo.

Hesabu za fedha nazo zilisomwa hadharani, mapato na matumizi, hadi bei ya kufuli. Ila risiti za michango ya papo kwa papo hazikutolewa hata moja, na nilipouliza ya kwangu ya Sh 20,000 niliambiwa kitabu kimeachwa nyumbani. Watu wanaoweza kuhesabu mibonyeo ya karabai hawashindwi kubeba kitabu cha risiti.

Ukienda mwakani, fika saa kumi na moja, kaa upande wa ukuta ambako kuna kivuli, beba noti ndogo ndogo, na ukiitwa jina kutangaza ahadi sema kiasi ulichonacho mfukoni. Ukiwa na kitu cha nyumbani cha kuazimisha, kilete mchana, kabla ya spika kuwashwa, kwa kuwa mwandishi wa daftari huandika vizuri zaidi asipopigiwa kelele. Fremu ya mlango nilipopita wiki iliyopita ilikuwa bado imeegemezwa ndani ya chumba, imefunikwa turubai, na juu ya turubai mtu amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HAIUZWI.