Tahadhari: jamaa wa "rangi ya uzio isiyotaka msasa" huku Kigamboni

Ndugu zangu, kuna jamaa anapita mitaani kwetu huku Kigamboni, na mitandaoni pia yumo. Anajitangaza kwamba anabadilisha rangi ya mageti na uzio wa bati kwa siku moja, bila msasa, bila praima (ile rangi ya chini ya kushikisha), na dhamana ya miaka 10. Kwangu kaondoka na laki tisa na nusu. Jina silitaji, maana la biashara ameshalibadilisha mara mbili tangu Desemba na la kesho silijui. Naeleza anavyofanya kazi, ukikutana naye utamjua.

Uzio wangu wa nyuma ni wa mabati ya rangi, yale yanayotoka kiwandani yameshapakwa, yamefungwa kwa skrubu kwenye skwea paipu. Ulikuwa wa kijani, una miaka sita, haujaoza popote, umepauka tu. Tulipopaka nyumba upya, ule ukijani ukaanza kunikera kila nikianika nguo. Nikataka kijivu cha mkaa. Sikuwa na kutu, sikuwa na haraka, na ningeweza kabisa kukaa na kijani changu hadi leo.

Jamaa alikuja na adabu zake zote, shikamoo mama, akaugonga uzio kwa kidole. "Mama, bati lako bado zima. Hii rangi yangu praima imo humohumo ndani." Akautazama uzio kwa macho kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata futi hakutoa, akasema zinatakiwa lita 40, na jumla pamoja na ufundi ni milioni moja na laki tatu na nusu. Nilipe laki tisa na nusu akanunue rangi, iliyobaki nimalizie baadaye. Namba ya kupokelea pesa ilikuja na jina la mwanamke. Nilipouliza, akasema ni mhasibu wake. Hapo ndipo nilipotakiwa kufunga mlango, nikaufungua zaidi.

Hesabu niliifanya baadaye, ndiyo inayoniuma. Uzio una mita 30 kwa urefu na mita 1.8 kwenda juu, yaani mita za mraba 54. Pande zote mbili ni 108, kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 216. Lita moja ya rangi ya mafuta juu ya chuma laini hupaka kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Ukiongeza ile migongo ya bati, lita 25 zinatosha. Yeye katoza 40. Na vijana wake walipoondoka nilihesabu makopo matupu nyuma ya tanki: manne ya lita nne. Lita 16! Zilizobaki walijazia na kitu gani? Pua yangu ilishanijibu mchana uleule, uani kulinuka kama kituo cha mafuta. Nilipohoji, kijana mmoja akanijibu bila aibu, "Hiyo ndiyo tina ya kisasa, mama."

Makopo yenyewe yalikuja yameshafunguliwa. Vifuniko vina alama za bisibisi mzunguko mzima, lebo imebandikwa upande hadi imekunjamana, na nilipochungulia ndani, kijivu cha kopo la kwanza si kijivu cha kopo la pili. Wakachanganya yote kwenye ndoo moja, nami nikaona ni ufundi.

Kazi ilianza saa sita mchana, bati limepata moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja. Hawakuosha. Sisi tuko karibu na bahari, ukipitisha ulimi kwenye uzio ule unaonja chumvi, wao wakapitisha tambara kavu. Kwenye skrubu wakapiga grainda yenye brashi ya waya mpaka weupe ukatoka, eti wanaondoa kutu. Kufika alasiri wamemaliza, uzio unang'aa kama gari jipya. Nikapiga picha, nikawaletea na soda. Ile laki nne iliyobaki nilisema nitaitoa mume wangu akirudi safari, na huo ndio ujanja pekee nilioufanya katika habari hii yote, tena kwa bahati.

Wiki ya tatu mwanangu wa darasa la pili akaja jikoni ameshika kipande kikubwa kama kifuniko cha sufuria. "Mama, uzio unavuka ngozi." Nilikwenda nikaingiza ukucha pembeni, ikafunguka kama ganda la kitunguu, na chini yake kijani changu kizima, kisafi, hakina hata mkwaruzo. Mvua za masika zilipokuja, zile sehemu walizopiga grainda zikabanduka mpaka chini, na sasa ndiyo kutu ninayo.

Nikapiga simu. Kwanza ni "nakuja kesho mama", kisha kijana wake anaumwa, kisha yuko msibani, kisha namba yangu ikafungiwa. Karatasi ya dhamana ina muhuri mkubwa wa bluu, haina mtaa wala namba ya mlipakodi, na mstari wa mwisho kabisa kwa maandishi ya sisimizi unasema dhamana haihusu madhara ya maji, jua na chumvi. Uzio wa nje, Kigamboni!

Mzee mmoja wa kuchomelea mtaani kwetu ndiye aliyenifumbua macho. Anasema rangi ya kiwandani ni ngumu na laini kama kioo, rangi mpya haipati pa kushika. Lazima ioshwe kwa maji ya sabuni na kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi hadi chumvi iishe, isuguliwe kwa msasa laini hadi mng'ao upotee (isuguliwe tu, isitolewe!), ifutwe vumbi na mafuta, ndipo praima, ndipo rangi. Grainda ndiyo dhambi kubwa. Chini ya rangi ya kiwandani kuna zinki, nayo ndiyo inayozuia kutu. Ukiifikia ukaipaka rangi ya mafuta moja kwa moja, mafuta ya ile rangi na zinki hugeuka kitu kama sabuni baada ya muda, na rangi inaachia yenyewe. Hata ile praima nyekundu tunayoizoea, alisema, ni ya chuma kitupu kama nguzo. Kwa zinki kuna praima yake, na kwenye kopo huwa imeandikwa hivyo. Na kazi ifanyike bati likiwa limepoa na limekauka, si mchana wa jua kali wala alfajiri lina umande.

Akanionyesha na kipimo cha bure. Paka kipande kimoja cha nyuma, subiri wiki, kisha chora kwa wembe mistari ya kukatizana, bandika seloteipu, ikaze kwa kidole, ivute ghafla. Ikija na rangi, mwambie fundi afungashe vitu vyake. Fundi anayekataa kipimo hiki kwa kuwa "atachelewa kazi nyingine" mwache aende huko kwenye nyingine.

Rangi nunua mwenyewe dukani, makopo yafunguliwe mbele yako, dai risiti ya EFD hata ukiambiwa mashine mbovu. Fundi mlipe ufundi wake tu, tena kwa jinsi kazi inavyokwenda. Mimi nimeshapeleka polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, na makopo sijayatupa, maana nimeelekezwa FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Kama nawe umelizwa na huyu, tunza makopo na ujumbe wa malipo. Tukiwa wengi hatatuambia yuko msibani.

Jambo la mwisho, nililoliona juzi usiku hadi usingizi ukakata. Ana ukurasa mpya, sasa anauza rangi ya kuzuia kuvuja kwa paa, na picha anayoitangazia ufundi wake nimeipiga mimi, nilimtumia mwenyewe siku ile ya soda. Ukiona uzio wa kijivu unaong'aa, nyuma yake mpapai umeinamia kushoto, na kamba ya nguo ina shuka moja la njano, huo ni uzio wangu.