Lee-Enfield No. 4 Mk I (T): soma namba kabla ya kutazama uzuri

Ukikuta bunduki mbili za No. 4 Mk I (T) mezani, moja inang'aa na nyingine ina mikwaruzo, anza kuitilia shaka ile inayong'aa. Hii ndiyo bunduki ya wadunguzi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, ya risasi za inchi .303; herufi T ni ya telescope, yaani darubini. Bunduki za kawaida za No. 4 zilizoonyesha shabaha nzuri kiwandani zilitengwa na kupelekwa kwa kampuni ya Holland & Holland, London, zikafungwe darubini na kibao cha shavu. Zilizopita mikononi mwao ni zaidi ya 20,000. Nyingi zilitoka kiwanda cha BSA kule Shirley, zenye alama M47C, na nyingine viwanda vya Maltby, Uingereza, na Stevens-Savage ya Marekani. Kanada walijitengenezea zao kule Long Branch. No. 4 za kawaida ziliundwa kwa mamilioni, na bei ya (T) ni mara kadhaa ya bei ya hizo. Hapo ndipo mwenye drili na mihuri ya herufi anapopata kazi ya kughushi.

Kwa hiyo usianzie kwenye mtutu. Anzia kwenye maandishi. Ubavu wa kushoto wa mwili wa bunduki uwe na herufi T. Kwenye shingo ya chuma inayoshika kitako tafuta TR, na chini ya kitako tafuta S51, alama ya Holland & Holland. Juu ya shingo ya mbao, nyuma tu ya bolti (chuma kinachoteleza kufunga risasi ndani), hupigwa namba ya darubini. Kishikizo cha darubini nacho hubeba namba ya bunduki yenyewe, na namba hiyohiyo iwe nyuma ya mkono wa bolti. Herufi zilizopigwa juu ya rangi badala ya kuwa chini yake, au zenye kingo kali kwenye chuma kilichochakaa, zinatosha kukufanya urudishe bunduki mezani.

Si kila namba ina uzito sawa. Darubini zilikufa kazini na mafundi wa jeshi wakafunga nyingine: ukiona namba ya zamani shingoni imekatwa kwa mstari na mpya imepigwa kando, hiyo ni historia halali wala si kasoro. Hata darubini isiyolingana kabisa inavumilika kama bei imeshuka. Kishikizo cha bunduki nyingine ni jambo zito zaidi, kwa sababu kila kishikizo kililinganishwa na bunduki yake ili darubini na mtutu vitazame mahali pamoja. Vishikizo vya kuigiza navyo vimejaa sokoni.

Kishikizo hukaa kwenye vikalio viwili vya chuma upande wa kushoto, kikikazwa kwa skrubu mbili kubwa za vidole. Vikalio ndiyo moyo wa bunduki hii, na wauzaji wengi hawavizungumzii. Kikalio cha mbele ndicho hulegea, maana kila teke la bunduki linavuta skrubu zake. Kaza kishikizo, shika darubini, itikise kwa nguvu ya wastani huku kidole kikiwa kwenye mshono wa kikalio na mwili wa bunduki. Mtikisiko wowote utausikia. Mafuta meusi yanayochuruzika kwenye mshono baada ya kupiga yanasema hivyohivyo. Kulegea kunatibika kwa fundi anayejua, lakini kikalio kilichotobolewa pasipo mahali pake hakina dawa ya bei nafuu. Kipimo chake ni rahisi: toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tazama shabaha ya mbali kupitia mtutu, kisha tazama kwa darubini. Ikiwa gurudumu la upepo linafika mwisho wa mzunguko kabla ya kuifikia shabaha hiyo, vikalio vimekaa vibaya.

Darubini ni No. 32, ya kukuza mara 3, na hapo mwanzo ilibuniwa kwa ajili ya bunduki ya rashasha ya Bren. Ndani utaona nguzo ya wima na uzi wa mlalo. Katika darubini ya Mk I, yaani toleo la kwanza, gurudumu la masafa huruka yadi 50 kwa kila mlio; Mk II na Mk III husogea dakika 1 ya pembe (sehemu ya 60 ya digrii), na Mk III ndiyo rahisi kurekebisha. Anayetaka kupiga atafute Mk III. Mk I ni ya mkusanyaji. Kasoro ya kawaida ni gundi ya lenzi kuzeeka. Elekeza darubini kwenye anga nyeupe: rangi za upinde wa mvua pembezoni, au matawi kama ya jani la mnazi, maana yake lenzi zimeanza kuachana. Magurudumu mazito mara nyingi ni grisi iliyoganda tu. Usiyalazimishe kwa koleo.

Sasa mtutu. Kingo za mifereji ya ndani ziwe kali, hasa karibu na mdomo. Pitisha risasi laini isiyo na baruti, ipime: mtutu uliolika kufikia inchi 0.315 au zaidi hautashika vizuri risasi za .311 na .312 zinazouzwa leo. Geji ya chemba, kipande cha chuma cha kupimia nafasi ya risasi, ikiwa ya inchi 0.064 iruhusu bolti kufunga, ya 0.074 iizuie. Ikishindwa hapo, badili kichwa cha bolti: vya No. 4 vina saizi 0 hadi 3, ingawa bunduki inayodai kichwa namba 3 imeshafanya kazi sana.

Mbao huharibu shabaha kuliko mtutu. Sehemu ya nyuma ya mbao ya mbele ndiyo inayopokea teke. Ikilowa mafuta hulainika na kupondeka, risasi zikatawanyika bila mpangilio. Mdomoni mbao isukume mtutu juu kwa pauni 2 hadi 7. Katika bunduki ya No. 4 Mk I kifyatulio kimeshikiliwa na kilinzi chake, hivyo mbao ikisinyaa na uzito wa kifyatulio hubadilika. Mwenye kuisugua na kuipaka vanishi bunduki ya namna hii ameipunguzia thamani, hata kama alidhani anaipamba.

Kipimo cha jeshi kilikuwa risasi 7 kati ya 7 ndani ya duara la inchi 5 kwa yadi 200, na yadi 400, risasi 6 kati ya 7 ndani ya inchi 10. Iliyotunzwa bado huweza. Usitarajie wepesi, kwani darubini ikifungwa huwezi kujaza kwa klipu. Unaingiza risasi mojamoja. Risasi kuukuu za jeshi huacha chumvi inayokula chuma, kwa hiyo maji ya moto yapite mtutuni siku hiyohiyo, kabla ya mafuta.

Sanduku la bati No. 8 la darubini na kasha la mbao la bunduki huongeza bei, na yote mawili huigizwa. Yalipie tu kama namba zinalingana. Uingereza, bunduki iliyo hai, yaani inayoweza kupiga, hudai cheti cha silaha. Iliyozimwa kisheria haina haja nacho, ila mtutu na bolti yake zimeharibiwa moja kwa moja, basi usiilipie bei ya iliyo hai.

Muuzaji wa mbali mwombe picha sita: T, TR, S51, shingo ya mbao, namba ya kishikizo, na vikalio kishikizo kikiwa kimetolewa. Asiyetaka kuituma hiyo ya sita, mwache na bunduki yake.