Niliisuka upya Mabuchi 16D kwa seti ya dukani: uzoefu wangu

Boksi la seti hii ya kusuka upya mota ya kigari cha sloti limeandikwa kwa wino mwekundu, herufi kubwa: mizunguko 50,000 kwa dakika. Namba hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Baada ya miezi minne ya kuhangaika nayo naiona haina maana yoyote, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza tuelewane ninazungumzia kitu gani.

Vigari vya sloti ni vile vidogo vya umeme vinavyokimbia kwenye njia yenye mfereji. Ulimi ulio mbele ya gari unaingia mferejini, nyuzi za shaba zilizo pembeni mwa ulimi zinasugua tepe mbili zilizolazwa kando ya mfereji, na umeme wa volti 12 hivi unapanda hadi kwenye mota. Dereva ana kidhibiti cha kubana mkononi, usukani hana. Scalextric ya Uingereza ilianza kuviuza mwaka 1957, na kufika katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilishapatwa na wazimu wake: kumbi za kulipia njia kwa saa, magari ya kipimo cha 1/24, seti za Cox, Revell na Monogram. Ukifunua bodi, mara nyingi ulikuta Mabuchi ya Japani imebandikwa jina la kampuni nyingine. Kubwa iliitwa 36D, mdogo wake 16D. Yangu ni 16D niliyoikuta kwenye gari bovu la mtumba: kopo la nje la mota lina kutu kidogo, sumaku nzima, kaboni (vipande vinavyosugua na kupeleka umeme ndani) zimeliwa hadi springi inayozisukuma inagusa komyuta, yaani vile vipande vya shaba vinavyozunguka ambavyo kaboni husugua.

Jina la aliyetengeneza seti naliacha. Ndani kulikuwa na amecha tupu, yaani kile kiini kinachozunguka ndani ya mota, ya meno matatu ya kusukia waya ikiwa na komyuta yake, kibunda cha waya wa shaba uliopakwa vanishi ya kuhami wa milimita 0.28, kaboni jozi mbili, springi jozi moja, vipande viwili vya bati jembamba la kuweka nyuma ya sumaku, gundi ya epoksi, na karatasi ya maelekezo ambayo nadhani aliyeiandika hajawahi kusuka mota maishani mwake. Inasema: suka mizunguko 55 kila jino, unganisha, furahia. Basi.

Wazo lenyewe ni rahisi. Waya mnene na mizunguko michache maana yake upinzani mdogo, mota inakula ampea nyingi zaidi na inakimbia. Amecha ya zamani ilisoma omu 1.3 kati ya vipande viwili vya komyuta. Mpya ilitakiwa isome karibu 0.4. Hapo nitoe angalizo ambalo karatasi haina: meno matatu yameungwa kwa duara, mwisho wa moja ndio mwanzo wa jingine, kwa hiyo ukipima kwenye komyuta unachosoma ni theluthi mbili ya upinzani wa jino moja. Niliwahi kutupa amecha nzima kabisa kwa kutojua hilo. Na mita ya kawaida haikufai kwa namba ndogo namna hiyo, maana nyaya zake peke yake zina omu 0.2. Mimi napitisha ampea 1 kutoka kwenye pawa saplai halafu nasoma milivolti: milivolti 390 ni omu 0.39, hakuna ubishi.

Kusuka kwenyewe kulinitoa jasho. Jino la kwanza na la pili yalikwenda vizuri, waya umelala kama mkeka. Waya wao ni mzuri, niseme haki, vanishi haipasuki ovyo hata ukiuvuta kwa nguvu. La tatu nilifika mzunguko wa 41, nikasikia kitu kidogo sana kwenye ncha ya kidole, kama waya umekwaruza. Nikapuuza. Nikamaliza 55, nikaweka pini moja ya mita kwenye shafti (mhimili wa amecha) na nyingine kwenye waya, mita ikalia piii. Shoti. Nikafumua mzunguko mmojammoja huku pini imebaki kwenye shafti, mita inalia tu, inalia tu, hadi 41 ikanyamaza. Nikaangalia kwa lenzi: kwenye kona ya lile jino rangi ya kuhami haikufika, chuma kiko wazi na kona kali kama wembe. Kosa la kiwandani. Nililainisha kona kwa tupa ndogo, nikapaka epoksi nyembamba, nikaacha ikauke usiku kucha.

Hasira yangu ilikuja asubuhi. Waya ukishasukwa na kufumuliwa una mikunjo, ukiulazimisha unavunjika vanishi, kwa hiyo haurudi. Na kibunda cha seti kina mita 7. Meno matatu yanakula zaidi ya mita 6. Yaani mtengenezaji amekupa nafasi ya kukosea mizunguko isiyozidi ishirini hivi, kwenye amecha ambayo yeye mwenyewe ameiacha na kona kali. Ikabidi ninunue kibunda kingine pembeni.

Kuunganisha kwenye komyuta usitumie lehemu ya kawaida. Ile ya bati na risasi inayeyuka kuanzia nyuzi 183, na amecha ikipata moto mkali njiani hairuki lehemu peke yake, waya nao unachomoka na kutapakaa ndani ya kopo. Nilitumia ya bati na fedha, inayeyuka kwenye 221. Tofauti inaonekana ndogo, mpaka siku ufungue kopo ukute vitone vya lehemu vimeganda kwenye sumaku.

Komyuta ndicho kitu kibovu kuliko vyote kwenye seti hii. Ilipigiliwa kwenye shafti ikiwa imekaa upande. Kwa macho huoni, ila nilipoizungusha kwa volti 3 kaboni zilikuwa zinarukaruka, na cheche zinawaka za kijani, maana yake shaba inaungua. Rafiki yangu mwenye mashine ndogo ya kukereza aliipitisha, akatoa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ikawa duara kweli. Kama huna mtu wa namna hiyo karibu, seti hii usiinunue, nasema bila kupepesa. Taimingi nayo, yaani kuitanguliza komyuta kidogo ili kila jino lipate umeme mapema, ilishawekwa na mtengenezaji na huwezi kuibadilisha bila kuing'oa. Kumbuka pia kwamba mota yenye taimingi inapenda upande mmoja. Ukigeuza nyaya ikakimbia kinyume, inachemka na kuchoka.

Kubalansi nilifanya kwa nyembe mbili zilizosimamishwa sambamba, shafti juu yake. Jino zito linashuka chini lenyewe. Unatoboa tundu dogo pembeni mwake, unarudisha, unaangalia. Kazi ya jioni moja, ukiwa na subira na redio.

Springi za seti nilizitumia siku moja. Umeme ukipita kwenye springi inapata moto, inalegea, kaboni inaanza kucheza, cheche zinazidi, moto unazidi, na kifuniko cha plastiki cha 16D hakina ubavu wa kuvumilia hayo. Dawa yake ya tangu zamani ni kulehemu kamba laini ya shaba kutoka kwenye kaboni hadi kwenye nyumba yake, umeme upite huko, springi ibaki na kazi ya kusukuma tu. Ajabu ni kwamba mtu anakuuzia seti ya kuitia mota pilipili halafu hakuwekei vipande viwili vya kamba.

Sasa ile namba ya boksi.

Kabla sijaweka yale mabati nyuma ya sumaku nilipima kwa kipimo cha mwanga na kipande cha karatasi ya kung'aa: mizunguko 47,000 kwa volti 12, mota iko mezani haivuti kitu. Karibu sawa na ahadi yao. Nikaweka mabati. Sumaku zikasogea karibu na amecha, nafasi ya hewa ikapungua, nikapima tena: 41,000. Mtu angesema nimeiharibu. Na kama ningekuwa naamini boksi, ningeyatoa mabati palepale.

Nikaifunga kwenye gari, nikaenda njiani. Ikashusha muda wangu wa kuzunguka njia mara moja kwa robo sekunde na zaidi, na ilipokuwa inatoka konani ilikuwa inavuta kama imesukumwa. Sababu ni kwamba mota inayozunguka inazalisha volti zake zenyewe zinazopingana na zile unazoipa. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi volti hizo zinafika mapema, kwa hiyo ikiwa tupu haifiki mbali. Lakini kila ampea inayoingia inatoa nguvu kubwa zaidi ya kusokota. Njiani gari halikimbii tupu hata siku moja. Linabeba uzito, linatoka konani taratibu, linapigwa breki, linaanza tena. Kwa kuwa nguvu ilipanda na kasi ikashuka, nikabadilisha na gia: nilikuwa na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 8 kwa gia ya ekseli ya 32, nikaweka ya 9. Hapo ndipo mota ilipokaa sawa. Hayo mabati mawili, ambayo karatasi imeyataja kwa mstari mmoja tena kwa neno "hiari", ndiyo yaliyonirudishia pesa yangu. Yaliyobaki nilipigana nayo.

Jambo jingine lililosaidia halimo kwenye boksi kabisa. Bushi za mota hizi za zamani, yaani vijitundu vinavyoshikilia shafti, moja iko kwenye kopo na nyingine kwenye kifuniko, mara nyingi hazitazamani. Nilipitisha fimbo nyoofu ya milimita 2 kwenye zote mbili kopo likiwa tupu, ikagoma kuingia. Nikazilegeza, nikazinyoosha hadi fimbo ikateleza kwa uzito wake, ndipo nikazikaza kwa lehemu. Mlio wa mota ulibadilika papo hapo, ile kelele ya kukoroma ikaisha.

Kuhusu chasisi nitasema kidogo, kwa kuwa haikuwa kwenye seti. Ile ya asili ilikuwa ya bati laini, na mota mpya ikaanza kuipindisha. Nilijenga nyingine kwa waya wa piano wa milimita 1.6 na mabapa ya brasi, ile shaba ya njano ya kufuli. Mkono wa mbele unaobeba ulimi nimeuacha uning'inie kwenye bawaba, ili gari likitikisika ulimi ubaki mferejini. Chasisi ya kwanza nililehemu haraka, nikaishika kwa koleo kabla haijapoa. Nikaiweka juu ya kioo, nikabonyeza kona moja: tak. Kona ya pili: tak. Imejikunja nusu milimita. Njiani gari lilikuwa linarukaruka kwenye kila kona ya kulia, za kushoto linapita kama malaika. Waya wa piano haunyooshwi kwa mkono, unarudi ulivyo. Ilibidi nipashe viungo vyote upya, nikiwa nimekandamiza chasisi juu ya bamba la chuma, na safari hii nikaenda zangu kufanya mambo mengine hadi ikapoa yenyewe. Halafu nikasahau kuosha asidi ya kulehemia. Kulipokucha chasisi nzima ya kahawia, kutu tupu! Maji ya moto na soda ya kuokea, mara tu unapomaliza, usingoje kesho.

Mwisho wa yote nimempa mtengenezaji nyota tatu kati ya tano. Waya, nyota. Mabati ya sumaku, nyota mbili. Komyuta, springi na karatasi hazipati kitu. Kwa anayeanza kabisa, aisuke kwanza amecha ya zamani iliyoungua, ajifunze mkono, ndipo anunue. Anayejua kazi anaweza kununua amecha tupu, waya na mabati mojamoja akapata vitu bora zaidi, ingawa nakiri kwamba bila boksi hili nisingeanza.

Na mimi huyohuyo nimeagiza seti ya pili, kwa ajili ya 16D nyingine niliyoipata. Safari hii nilipofungua boksi nilichukua lenzi kwanza. Kona mbili ziko wazi. Tupa iko mezani, epoksi inakauka.