Skii za watu wenye ulemavu: madaraja mengi au makundi matatu?

Mwanza hatuna theluji, lakini swali hili linatuhusu kila tunapopanga mbio za watu wenye ulemavu pale uwanja wa Nyamagana: kila aina ya ulemavu ishindane peke yake, katika daraja lake, au wachanganywe kwenye makundi makubwa?

Skii, yaani mbio za kuteleza juu ya theluji, imepita njia zote mbili. Paralimpiki (michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu) ya kwanza ya majira ya baridi, Örnsköldsvik, Sweden, mwaka 1976, ilipokea waliokatwa viungo na wasioona. Madaraja yakaongezeka baadaye, kila moja na medali zake. Hilo lilikuwa na haki yake, maana aliyekatwa mguu alipimwa na aliyekatwa mguu. Ila madaraja mengine yalibaki na washindani wachache mno, na medali ikapungua uzito.

Kwenye Paralimpiki ya Torino, Italia, mwaka 2006, yakawa makundi matatu: wanaosimama, wanaoketi na wenye ulemavu wa kuona, ambao huteleza na mwongozaji. Ndani ya kundi kila mmoja bado ana daraja lake, na muda wake huzidishwa kwa namba ya daraja hilo. Tuseme umetumia sekunde 100 na namba yako ni 0.80, unaandikiwa 80. Ushindani unakuwa mkali kwelikweli, ingawa mtazamaji lazima aelezwe kwa nini aliyetumia muda mfupi kuliko wote hakushinda.

Kwa skii, mimi nachagua makundi matatu, kwa kuwa namba zile zinatokana na matokeo yaliyokusanywa. Kwetu kumbukumbu hizo bado. Ningeanza na madaraja, hata wakikimbia wawili wawili, na kila muda uandikwe daftarini tangu mbio za kwanza.