Tochi ya UV kwa picha za zamani zenye saini: chukua ya 365, ya 395 iache dukani

Wakala wa kubadili fedha anapoingiza noti ya dola kwenye kile kikasha cha taa ya zambarau, anatazama vitu viwili. Cha kwanza ni uzi: wa dola 20 huwaka kijani, wa dola 100 huwaka waridi. Cha pili ni karatasi yenyewe, ambayo kwenye noti halali hubaki imepooza. Ikiwaka buluu, basi hiyo ni karatasi ya dukani na mwenye noti ana maelezo ya kutoa.

Mkusanyaji wa picha za wanamichezo wa zamani anafanya kazi ileile. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, viwanda vya karatasi za picha vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe, jamii moja na zile zilizomo kwenye sabuni ya unga. Zikipigwa na mionzi ya urujuanimno (UV) huwaka buluu-nyeupe, kali kabisa. Babe Ruth, mchezaji wa beisiboli wa Marekani, alifariki Agosti 1948. Picha yake "iliyosainiwa" ikiwaka hivyo, imechapwa akiwa kaburini, na cheti chenye muhuri wa dhahabu hakibadilishi kitu.

Kwa hiyo tochi ndiyo ya kununua kwanza, kabla ya albamu na fremu. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa kama "tochi za UV" hazifai kwa kazi hii. Zile za bei poa zenye vitaa vingi vidogo, 12 hadi 51, karibu zote hutoa mwanga wa nanomita 395 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Hapo mwanga mwingi ni zambarau ya kawaida inayoonekana kwa macho, nayo hurudishwa na kitu chochote cheupe. Picha ya 1930 na ya juzi zote zitaonekana kama zinawaka, na mnunuzi atakataa kitu halali au atakubali takataka. Kwa kutafuta nge usiku uani, 395 ni nzuri sana. Kwa picha, hapana.

Inayotakiwa ni ya nanomita 365 yenye kichujio cha kioo cheusi mbele ya taa. Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Mulika ukuta mweupe gizani: 395 huchora duara kubwa la zambarau, 365 yenye kichujio huacha mwanga hafifu tu. Kisha mulika noti ya dola 20. Uzi wa kijani uonekane safi, bila ukungu wa zambarau juu yake. 365 isiyo na kichujio inafanya kazi, ila huvujisha mwanga mweupe unaochosha macho. Kikasha cha wakala chenye tyubu nacho si kibaya, maana tyubu hizo huwa karibu na 365. Kasoro yake ni nafasi: picha ya inchi 8 kwa 10 haikai vizuri chini yake.

Matumizi yana adabu zake. Zima taa zote, funga pazia, ngoja dakika tatu macho yazoee giza. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga huwaka lenyewe na kuitupia picha mwanga wake, na makosa mengi ya wanaoanza hutokea hapo. Kitambaa cha kufutia nacho huacha nyuzi zinazomeremeta kama nyota, mtu akadhani ni karatasi. Weka pembeni kipande cha karatasi ya fotokopi na ukurasa wa kitabu cha kabla ya 1950, uwe na cha kulinganishia. Shika tochi sentimita 15 hadi 20 juu ya picha, tazama mbele, kingo, halafu nyuma, sekunde chache kila upande. Mionzi hii hufifisha wino, usiiache imewaka huku unapiga simu. Wala usimulike macho.

Unachotafuta ni ule ubuluu mkali uliosambaa sawasawa kwenye karatasi nzima. Krimu iliyopooza au unjano hafifu ni kawaida ya karatasi kuukuu. Mabaka yanayowaka kwenye kona mara nyingi ni gundi ya albamu, hayahukumu picha.

Tochi hii inajua kukataa, haijui kukubali. Picha isiyowaka si lazima iwe ya zamani, kwa sababu zipo karatasi za baadaye zisizo na kemikali hizo, na waghushi hutafuta karatasi kuukuu kwa makusudi. Na inayowaka si lazima iwe mbaya. Pima kwa tarehe ya kifo cha aliyesaini, usipime kwa tarehe ya mashindano. John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 kuruka viunzi Munich 1972 kwa sekunde 47.82, akafariki 1997. Picha ya mbio hizo iliyochapwa upya 1990 huenda ikawaka, na saini yake inaweza kuwa halali kabisa. Inapungua thamani tu kwa sababu si chapa ya wakati ule. PSA, kampuni ya Marekani ya kukagua picha na saini, huita daraja la kwanza picha iliyosafishwa kutoka negativu ya asili ndani ya takriban miaka miwili tangu ipigwe. Abebe Bikila, bingwa wa marathoni wa Ethiopia, ni kesi ngumu zaidi. Alifariki Oktoba 1973, wakati karatasi za rangi nyeusi na nyeupe zenye tabaka la plastiki ndiyo kwanza zinaingia sokoni. Picha yake ya Roma 1960 ikiwa nyuma inateleza kama plastiki, shuku kwanza.

Saini yenyewe haihukumiwi kwa tochi. Hapo chukua lenzi ya sonara ya 10x, zile za kukunja. Zinazoandikwa 30x kwa bei ya soda kwa kawaida hazifiki huko na hupinda picha kingoni. Shika lenzi karibu kabisa na jicho, kisha ipandishe picha hadi ibaki kama sentimita 2.5. Ukiona nukta, hiyo ni chapa ya mashine, si picha ya kusafishwa. Inamisha picha kwenye mwanga wa ubavuni: wino halisi una mng'ao wake tofauti na wa karatasi, na bolpeni huacha mfereji. Saini isiyo na chochote kati ya hivyo, iliyolala ndani ya picha, ilichapwa pamoja nayo. Mkono halisi huanza na kumaliza mstari kwa ncha iliyochongoka, kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari inakimbia. Mwenye kuiga huanza kwa kidonge cha wino na kwenda akitetemeka. Maka ya Sharpie ilianza 1964, kwa hiyo Ruth hakuwahi kuishika.

Kwa kipande cha bei kubwa, bado kuna haja ya kulipia kampuni za kuthibitisha saini kama PSA/DNA, JSA au Beckett, huku ukijua wanachouza ni maoni. Operesheni Bullpen, uchunguzi wa FBI wa mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuta saini za kughushi zikiwa na vyeti vyake kamili.

Jambo la mwisho ni betri. 365 inapoishiwa chaji mara nyingi haizimi ghafla, hufifia polepole, na kila picha huanza kuonekana ya 1935. Kabla ya kila ukaguzi mulika kwanza ile karatasi ya fotokopi. Isipowaka vizuri, chaji.