Kisanduku cha overflo cha mabomba matatu: kimya kweli kipo, ila namba za kwenye boksi usizimezee

Wadau wa akwariamu mnaopanga kutoboa tangi, hiki kisanduku cha kutolea maji ya juu ya tangi yashuke sampu (lile tangi la chini kabatini, ambako pampu inayarudisha juu), chenye matundu matatu ya inchi moja, nimeshakitumia vya kutosha na nina maneno yangu. Kwa ujumla nakipenda, na tangi limetulia kiasi kwamba usiku unasikia pampu tu na hiyo ukiweka sikio kabatini, lakini ukimya huo haukuja wenyewe kwa kufunga mabomba na kuwasha, na usalama ndo kabisa, huo unautengeneza wewe.

Mpangilio wake ni ule wanaouita BeanAnimal. Bomba la kwanza linajaa maji matupu bila hewa, saifoni kamili, na lina valvu ya kulibana. La pili liko wazi, linachukua maji kidogo tu yaliyobaki, yanateremka kwenye kuta za bomba bila kelele. La tatu limekaa kavu, mdomo wake uko juu kuliko yote, linasubiri siku ya shida. Kelele za overflo zinatokana na hewa kuburutwa pamoja na maji, ile glu-glu-glu inayokera, na ndo maana bomba moja wazi la mtindo wa Durso, linaloshusha maji na hewa pamoja, linaanza kupiga kelele mapema, la inchi moja binafsi silihesabii zaidi ya lita 2,000 kwa saa na ukitaka utulivu hata chini ya hapo. Bomba hilohilo likijaa maji matupu linapitisha mara mbili na zaidi. Kwa hiyo ukubwa wa bomba peke yake haukwambii kitu mpaka ujue linaendeshwaje.

Sasa hapo kwenye boksi wameandika uwezo mkubwa sana, na mimi namba ile siikubali kwa sababu ni kama wamejumlisha mabomba yote yakiwa yamejaa. Haifai kuhesabu hivo. Hesabu ya kweli ni hii, chukua bomba moja tu, lile la dharura, ujiulize: mengine mawili yakiziba saa nane usiku, hili peke yake litabeba maji yote ya pampu? Kama jibu ni hapana basi pampu ni kubwa mno, punguza. Na usiliwekee bomba la dharura valvu ya aina yoyote, wala usilipunguze ukubwa njiani kwa kuunga bomba jembamba.

Pampu nayo usiamini kilichoandikwa juu yake, ile ni kabla maji hayajapanda popote. Yangu imeandikwa lita 4,000, nikakinga ndoo ya lita 10 pale juu maji yanapotokea, ikajaa kwa sekunde 14 na kidogo, maana yake ni kama 2,500 kwa saa. Hiyo ndo namba ya kupangia mabomba. Kwa mtiririko huo nikaziba lile bomba la kwanza kwa kiganja, maji yakapanda ndani ya kisanduku, bomba la pili likalemewa, halafu la dharura likavuta kwa mngurumo mkubwa na maji yakasimama chini ya ukingo wa tangi. Mngurumo ule ni mzuri, unakuamsha. Jaribio hilo lifanye kabla samaki hawajaingia, usiruke.

Lawama yangu kubwa ni valvu. Wameweka ile ya kuzungusha robo, ya mpini, ambayo ukiisogeza unywele maji yanabadilika sana, unabaki unahangaika tu. Nimeitoa nikaweka getivalvu ya kuzungusha taratibu, nikabana mpaka bomba la pili likabaki na mkondo mwembamba, kelele zikaisha palepale. Kitu kingine, mwisho wa bomba la saifoni uzame sentimita 2 au 3 tu ndani ya sampu, ukizamisha sana hewa inashindwa kutoka wakati wa kuwasha na saifoni inachelewa kushika. Na kona kali za elbo za nyuzi 90 jitahidi uzipunguze, mbili za 45 zinapitisha vizuri zaidi.

Meno ya kuchujia yamechongwa vizuri, ila yanakula nusu ya mdomo wa kisanduku, pale maji yanapomwagikia ndani. Mdomo wa sentimita 30 kwa lita zangu 2,500 ungepitisha maji yenye kina cha sentimita 1 na kidogo, kwa sababu ya meno yanasimama karibu 2. Sio tatizo, lakini lazima uiweke kwenye hesabu ya umeme kukatika, kwa sababu maji hayo yote yanashuka sampu. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kila sentimita moja ni lita 6, na kama mdomo wa bomba la kurudishia maji ya pampu tangini umezama sentimita 5 basi linavuta kinyume mpaka lita 30 zishuke, sampu isipokuwa na nafasi hiyo sakafu inaoga. Mdomo uweke karibu na uso wa maji. Kuna wanaotoboa kitundu kwenye bomba hilo cha kuingiza hewa ili saifoni ivunjike, ni sawa, ila konokono akikaa hapo hakipo tena, usikitegemee peke yake.

Ah na kabla ya kununua hakikisha kioo unachotoboa sio tempa (kile kilichokazwa kwa joto), hicho hakitoboleki, kinasambaratika chote.

Mimi nakipa nne kwa tano, moja nimeitoa kwa ile valvu na ile namba. Kwa pampu inayotoa kweli mpaka lita 3,000 hivi ningekinunua tena, zaidi ya hapo tafuta chenye matundu ya inchi moja na nusu.