Machela ya kubeba kwenye baiskeli kandokando ya Ziwa Victoria: ipi ununue, ipi uache

Ukitoka Mwanza kwa baiskeli kwenda Musoma, lami inakupitisha Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, kilomita 220 hivi. Upande wa Sengerema nao umekuwa mwepesi: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, habari ya kupanga foleni ya kivuko imekwisha. Kinachobaki ni kulala. Hema linataka uwanja ulio sawa, na huku kwetu ardhi ni mawe makubwa au ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata mpaka kwenye spoku mvua ikinyesha. Machela, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa hewani, inataka miti miwili tu.

Nimezipanga kuanzia bora kwenda dhaifu, kwa kigezo kimoja: kandokando ya ziwa kinachomnyima mtu usingizi ni mbu na mvua ya usiku. Machela isiyojibu hayo mawili, hata iwe laini vipi, ni ya kupumzikia mchana.

1. Nailoni ndefu yenye chandarua cha kushonewa

Neno la kushika hapo ni ndefu. Machela nyingi za bei nafuu zina sentimita 260 kwa 140, na muuzaji atakuapia kwamba zinamtosha kila mtu. Machela hailaliwi kwa kunyooka katikati kama kitanda; unalala mshazari, kichwa kikivutwa upande mmoja na miguu upande wa pili, hapo ndipo mgongo unapokaa sawa. Kitambaa kikiwa kifupi huo mshazari haupatikani, unajikunja na magoti yanauma hadi asubuhi. Mtu mfupi atavumilia 260. Ukizidi sentimita 170, tafuta inayofika mita tatu au zaidi.

Maandishi ya "kilo 300" kwenye mfuko yasikubabaishe. Kinachoachia kwa kawaida ni mshono, mkanda au fundo, kitambaa chenyewe mara chache. Dukani shika mshono kwa dole gumba za mikono yote miwili, uvute, uinue kwenye mwanga. Matundu ya sindano yakifunguka ukaona ng'ambo, irudishe. Kisha ivute zipu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, maana zipu ikifia Nyanguge saa mbili usiku huna chandarua tena. Matundu ya chandarua nayo yawe madogo. Kuna siku vile vijidudu vya ziwani vinainuka juu ya maji kama moshi. Haviumi, ila vikikuingilia ndani utavila.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: mbu anauma kupitia kitambaa chembamba kwa chini, pale mgongo ulipokigusa. Chandarua cha juu hakisaidii kitu hapo. Chagua yenye kitambaa mara mbili chini, au panga kulalia sponji, ambayo utaihitaji kwa vyovyote kwa sababu ya baridi.

2. Ya kushonesha kwa fundi

Hii ilibaki kidogo niipe namba moja, na ikiwa sokoni umekosa ndefu, basi ndiyo namba moja. Nunua kitambaa cha parashuti, kile cha jaketi za upepo, kilichofumwa kwa kubana, mita tatu na nusu kwa upana wa mita moja na nusu. Fundi akunje pindo pande zote ndefu, na kila ncha aiache na njia ya kupitisha kamba, ameishona mistari mitatu kwa uzi wa polyesta. Uzi wa pamba unaoza. Mwambie wazi kwamba mtu mzima atalala humo, asije akakushonea kama pazia.

Kamba isikuumize kichwa, Mwanza ni mji wa wavuvi. Chandarua tumia cha kitandani cha pembe nne: pitisha kamba nyembamba juu ya machela kutoka mti hadi mti, ukitundike hapo, kisha kusanya upindo wa chini ufunge fundo. Kinakaa mbali na mwili, na mbu wa chini naye anabaki nje. Kasoro yake ni kuchelewa kuingia na kutoka, na mwenye haja ya usiku atalijua hilo mapema. Faida ni kwamba ikichanika, karibu kila senta ina cherehani barazani.

Usiku wa kwanza ifunge chini, iwe shubiri mbili kutoka ardhini, ukae kwanza kabla ya kulala.

3. Nailoni ya "watu wawili" isiyo na chandarua

Nyepesi, gramu 500 hadi 700, inakunjwa ikaingia mfukoni, na upana wake unafaa kwa ule mshazari. Ya watu wawili ni jina tu. Nunua ulale peke yako. Shida ni kwamba ukishaongeza chandarua cha kufaa, pesa iliyotoka inakaribia ile ya namba moja. Kama chandarua unacho tayari, chukua.

4. Ya pamba yenye mbao nchani

Inapendeza kwenye picha. Ni nzito, ikilowa inakaa siku nzima bila kukauka, na zile mbao zinaitandaza juujuu kiasi kwamba ukigeuka vibaya inakumwaga. Mahali pake ni barazani.

5. Ya nyuzi, mfano wa wavu

Mchana wa Januari hakuna kinachoishinda kwa upepo. Usiku mbu wanakupata pande zote, vifungo vya shati vinanasa, na kwenye keria inang'ang'ania kila kichwa cha bolti.

Mikanda na turubai

Hapa wengi wanabana pesa mahali pasipostahili. Mkanda uwe wa polyesta, upana usipungue sentimita 2.5. Nailoni ikilowa inanyooka: unalala juu, unaamka makalio yakigusa umande. Mkanda wa usalama wa kiti cha gari ni polyesta na unafaa sana. Uliza gereji wanaovunja magari mabovu, ila ukatae uliochakaa kingo. Kamba nyembamba inakata gome, na mwenye mwembe hatafurahi.

Usiufunge ukakazana. Mkanda ushuke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka usawa wa ardhi. Kupima, tanua kidole cha shahada na dole gumba upate umbo la L, kidole cha shahada kikiwa sambamba na ardhi; mstari unaounganisha ncha zake ndio mteremko unaoutaka. Kwa mtu wa kilo 70, katika nyuzi 30 kila mkanda unabeba kama kilo 70. Ukiukaza hadi nyuzi 10, kila mmoja unabeba kilo 200. Mafundo mengi yanakufa hapo.

Turubai la mita tatu kwa tatu linatosha. La plastiki ni zito lakini linapatikana popote na linafungika kwenye keria kwa vipande vya tyubu. Kwenye kila mkanda, karibu na machela, funga kipande cha uzi kining'inie: maji yanayoteremka kutoka mtini yatadondokea hapo badala ya kukufikia mgongoni. Sponji ni lazima, kwa sababu blanketi ulilolilalia linabonyea na upepo unapita chini. Usiku wa Juni na Julai utaelewa.

Kabla hujalipa

Machela haina kazi pasipo miti, na kati ya Magu na Lamadi kuna vipande virefu vya mbuga tupu, mpunga na malisho. Huko panga kufika senta ulale gesti. Mwembe mkubwa ni mzuri. Mkaratusi unaangusha matawi bila taarifa, na mpapai au mgomba si wa kufungia hata mbuzi. Ufukweni penyewe usilale: viboko hutoka majini usiku kula majani, na njia zao zinaonekana wazi kwenye nyasi. Panda juu, mbali na maji, na upige hodi kwa mwenye shamba au mwenyekiti wa kitongoji kungali na mwanga. Shikamoo na maelezo mafupi yanatosha, na mara nyingi utaonyeshwa mti mzuri kuliko ule uliouona.

Ukizungukia mitumba kwenye soko la Mlango Mmoja, Mwanza, mara mojamoja machela hutokea katikati ya mahema na mabegi. Sugua kitambaa kwa kidole sehemu iliyopauka zaidi: kikitoa unga au kikachanika kwa kuvutwa kidogo, jua limeshakimaliza, hata kwa bei ya bure usikichukue. Kikiwa kizima na kinafika mita tatu, lipa, kisha mikanda iliyokuja nayo itupe ununue mingine.